Kupima Afya ya Kijito: Mwongozo Kamili, Kutoka Chujio la Jikoni hadi Alama ya Mwisho

Vikundi vingi vya mazingira, kuanzia Njoro hadi Kisumu, hurudi kutoka mtoni na jibu lile lile: pH (kipimo cha uchachu wa maji) ni 7, basi kijito ni kizima. Jibu hilo halisemi lolote. Maji yenye kinyesi cha ng'ombe yanaweza kusoma 7, na maji yaliyopokea taka za choo jana usiku yanaweza kusoma 7 asubuhi. Chupa ya maji inakueleza kinachopita dakika ile tu. Wadudu wanaoishi chini ya mawe wamekaa pale wiki na miezi, na wao ndio wanaojua kilichomwagwa usiku wakati hakuna mtu.

Kwa hiyo hapa wadudu ndio kipimo kikuu, na vipimo vya maji ni mashahidi wa pembeni. Alama zinazotumika ni za miniSASS, mfumo uliotengenezwa Afrika Kusini kwa watu wasio wanasayansi, ambao hauhitaji maabara.

Afya ya kijito si usalama wa kunywa. Kijito chenye wadudu wazuri bado kinaweza kuwa na vijidudu vya kuhara. Asikudanganye mtu kwamba kaa akipatikana, maji hayahitaji kuchemshwa.

## Vifaa

- Chujio kubwa la jikoni lenye matundu yasiyozidi milimita 1, lifungwe imara kwenye mpini wa ufagio. Unaweza pia kushona wavu wa chandarua kwenye fremu ya waya, lakini usitumie chandarua chenye dawa. Dawa za vyandarua ni za jamii ya pairethroidi, na ni sumu kali kwa wadudu wa majini na samaki. Utawaua wale wale unaowatafuta.
- Beseni au sinia jeupe. Weupe si urembo. Kwenye beseni la bluu hutawaona wadudu wadogo wa kahawia.
- Kijiko cheupe cha plastiki, brashi laini ya rangi, na trei ya barafu ya friji ya kutenganishia makundi.
- Lenzi ya kukuza mara 10.
- Kamba ya mita 10, rula ya mita moja, na chungwa moja.
- Kipimajoto na vipande vya pH. Kipimo cha EC (uwezo wa maji kupitisha umeme) kikipatikana ni bora kuliko pH kwa mbali. Mita ya oksijeni iazime kama kuna chuo kilicho karibu.
- Gambuti, glavu ndefu za mpira, sabuni na taulo.
- Daftari na penseli. Wino wa kalamu hupotea karatasi ikilowa.

Glavu na gambuti si hiari. Kichocho kipo katika bonde la Ziwa Victoria, na vimelea vyake hupenya ngozi ndani ya dakika chache za kugusa maji. Usiingie palipo na kina kupita magoti, na usiende peke yako.

## Hatua ya 1: Chagua siku

Pima wakati maji yametulia: Januari na Februari ndiyo miezi salama zaidi sehemu nyingi za Nakuru na Nyanza. Mafuriko yakipita, subiri angalau wiki mbili. Maji makali hung'oa wadudu kwenye mawe na kuwasomba, na ukipima siku tatu baada ya mvua kubwa utapata alama mbovu kwenye kijito kisicho na kosa.

Fika asubuhi. Kisumu na milima ya Nandi hupenda kunyesha alasiri, na kijito chembamba kinaweza kufurika kwa mvua iliyonyesha juu huko, wewe ukiwa umesimama kwenye jua. Ukiona maji yamebadilika rangi ghafla au majani mengi yanaanza kushuka, toka kwanza, maswali baadaye.

Umefanikiwa ikiwa unaona mawe ya chini palipo na kina cha sentimita 20. Usipoyaona na hakujanyesha, andika hivyo. Nayo ni data.

## Hatua ya 2: Chagua vituo

Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia. Kikundi hupima mahali pamoja, karibu na daraja kwa sababu pikipiki inafika, kisha kinatafuta mtandaoni namba ya kujilinganisha nayo.

Unahitaji vituo vitatu kwenye kijito kimoja. Cha kwanza kiwe juu ya tatizo unalolishuku, yaani upande maji yanakotoka: juu ya soko, juu ya mahali pa kuoshea magari, juu ya kisima cha ng'ombe. Cha pili kiwe mita 50 hadi 100 chini ya tatizo, ambapo maji yamekwisha changanyika. Cha tatu kiwe mbali zaidi, tuseme kilomita moja, uone kama kijito kinapona.

Vituo vyote viwe na umbo linalofanana. Mto Njoro huku juu, karibu na Mau, unapita kwenye mawe kwa kasi. Vijito vya tambarare ya Kano vina matope na mchanga. Mawe yana mapango ya kujificha na oksijeni nyingi, matope hayana. Ukilinganisha Njoro ya juu na mfereji wa Ahero utasema Ahero ni mchafu hata kama hakuna mtu aliyetia mkono. Mawe yalinganishwe na mawe, mchanga na mchanga.

Anza kituo cha chini kabisa, upande kwenda juu. Matope unayotibua yasikutangulie kwenye kituo kinachofuata.

Omba ruhusa kabla ya kushuka. Mwenye shamba, mzee wa kijiji, na jumuiya ya watumiaji maji ya eneo hilo wakijua unachofanya, watakuonyesha pia bomba lililofichwa kwenye majani.

## Hatua ya 3: Pima maji kabla hujayaingia

Ukishatibua matope, vipimo vyako ni vya matope. Simama ukingoni, elekea maji yanakotoka, na chota katikati ya mkondo.

Joto. Acha kipimajoto ndani dakika mbili, kivulini. Pima vituo vyote ndani ya muda mfupi, kwa sababu saa nne na saa nane si sawa. Kituo cha chini kikiwa na joto zaidi kwa nyuzi 3 au 4 ndani ya kilomita moja, mara nyingi miti ya kingo imekatwa au kuna maji moto yanayoingia.

EC. Suuza kipimo kwa maji ya kijito mara tatu, kisha soma. Namba yenyewe inategemea miamba: maji ya Nakuru yanayopita kwenye udongo wa volkano yana chumvi za asili, kwa hiyo EC ya juu pekee si uchafu. Tafuta mruko. Ikiwa juu ya soko unasoma mikrosimensi 150 kwa sentimita na mita 100 chini yake unasoma 260, mwamba haujabadilika katika mita hizo. Kuna kitu kimeingia: choo, sabuni, au mkojo wa mifugo.

pH. Andika, uendelee. Ikiwa chini ya 6.5 au juu ya 8.5, rudia kwa kipande kipya kabla ya kuhangaika.

Oksijeni. Watu wengi husoma miligramu 7 kwa lita wakaona kasoro, kwa sababu jedwali la mtandaoni linasema maji ya nyuzi 20 hubeba miligramu 9 kwa lita. Jedwali hilo ni la usawa wa bahari. Njoro iko zaidi ya mita 2,100 juu. Hewa ni nyepesi, na maji safi kabisa ya nyuzi 20 hayawezi kubeba zaidi ya miligramu 7 hivi. Kisumu, kwenye mita 1,131 na maji ya nyuzi 25, kikomo ni miligramu 7.2 hivi. Tumia asilimia ya ujazo (oksijeni iliyopo ikilinganishwa na kikomo cha mahali hapo) kama mita yako ina mahali pa kuweka mwinuko.

Kingine: kijito chenye mwani mwingi kitakupa namba ya kupendeza saa sita mchana, kwa kuwa mwani unatoa oksijeni juani. Usiku unaivuta. Namba ya kweli ni ya kabla ya jua kuchomoza.

Kabla ya kuingia, tazama na unuse. Ute wa kijivu ulionata kwenye mawe na vijiti ni bakteria wanaokula taka za choo au za kiwanda. Ukiuona, matokeo ya wadudu hayatakushangaza.

## Hatua ya 4: Kamata wadudu

Jipe dakika tano za kazi halisi majini kwa kila kituo, na muda huo uwe sawa vituo vyote. Mtu mmoja ashike saa.

Weka chujio chini, mdomo wake ukielekea maji yanakotoka. Simama mbele yake kidogo, upande maji yanakotoka, sugua mawe kwa gambuti, ili kinachong'oka kisombwe hadi kwenye chujio. Hamia mahali pengine ukipanda dhidi ya mkondo. Kisha inua mawe matano au sita ya ukubwa wa ngumi mbili, uyageuze juu ya beseni lenye maji ya kijito kidogo, na uyasugue kwa brashi. Wadudu bora kabisa hukaa upande wa chini wa jiwe na hawang'oki kwa teke.

Malizia kwa majani ya ukingoni: ingiza chujio chini ya nyasi zinazogusa maji, lisukume mbele na nyuma. Kereng'ende wachanga wengi wako huko. Anayeruka majani hukosa makundi mawili au matatu, kisha analaumu kijito.

Mimina vyote kwenye beseni, acha litulie dakika mbili, usiguse. Wadudu watajisogeza wenyewe, na kinachosogea ndicho unachokitafuta. Wengi humwaga beseni mapema wakidhani ni uchafu mtupu.

Kabla ya kituo kinachofuata, geuza chujio nje ndani, lisuuze, na ulikague kwa macho. Buu mmoja aliyenasa kwenye wavu kutoka kituo safi anaweza kupandisha alama ya kituo kichafu.

## Hatua ya 5: Tambua makundi

Huhitaji jina la kitaalamu. Hesabu mikia na uangalie mbavu. Tumia lenzi, na umweke mdudu kwenye kijiko chenye maji, kwa sababu nje ya maji mikia hushikana.

Alama 17: mikia miwili, mbavu tupu. Miguu ina kucha mbili kila mmoja. Mbavu za tumbo hazina kitu. Matamvua yake ya kupumulia yako kwapani, kwenye vikwapa vya miguu. Huishi kwenye maji ya kasi, baridi na yenye kivuli, kama vijito vya ndani ya msitu wa Kakamega. Kenya ina aina chache sana za mdudu huyu, basi kumkosa peke yake kusikufanye uhukumu kijito.

Alama 11: mikia mitatu, mwili bapa au wa kutambaa. Mbavu za tumbo zina vijani au manyoya yanayochezacheza. Kucha ni moja kwa kila mguu. Anang'ang'ania jiwe hata ukilitoa majini.

Alama 5: mwembamba, anachomoka kama kisamaki. Ni ndugu wa yule wa 11, mwenye matamvua mbavuni, ila ni mwepesi na huogelea kwa mirusho. Ana mikia miwili au mitatu. *Hapa ndipo kosa kubwa la wanaoanza lilipo:* wanaona mikia miwili, wanaandika 17. Kabla hujaandika 17, angalia mbavu. Kuna kitu kinachochezacheza pale? Basi ni 5.

Alama 9: wajenga vibanda na ndugu zao wasio na vibanda. Mwenye kibanda hubeba bomba dogo la mchanga au vipande vya majani, kichwa na miguu sita vikichungulia. Asiye na kibanda ni mrefu, laini, kichwa kigumu, na nyuma kabisa ana kulabu mbili. Mara nyingi hujikunja ukimgusa. Usitupe "vijiti" kwenye beseni kabla ya dakika tano, vingine vitatembea.

Alama 6: kaa na kamba wadogo. Kaa wa mtoni hujificha chini ya mawe makubwa na kwenye mashimo ya kingo.

Alama 6 pia: kereng'ende mchanga mnene. Hana mikia, macho makubwa, na taya lililokunjwa chini ya uso.

Alama 4: kereng'ende mwembamba. Nyuma ana vijani vitatu vipana. Wanaochanganya huyu na mdudu wa mikia mitatu wakumbuke: vijani ni vipana, mikia ni nyuzi, na huyu hana kitu mbavuni.

Alama 5: kunguni wa maji na mbawakawa. Wanaoteleza juu ya maji, wanaoogelea chali, na wenye ganda gumu mgongoni.

Alama 4: konokono. Alama 3: minyoo bapa, wanaoteleza kwenye jiwe bila kujikunja. Alama 2 kwa kila kundi kati ya haya matatu: minyoo ya kawaida; ruba, wenye kinyonyeo pande zote mbili; na mabuu wa nzi, mbu na inzi weusi.

Kati ya hao wa mwisho, andika kando ukiona wengi wekundu. Wekundu huo ni himoglobini, inayowawezesha kuishi palipo na oksijeni kidogo sana. Mmoja au wawili si neno. Beseni likijaa wao tu, karibu kila mara kuna taka za choo au kiwanda zinazoingia.

Piga picha ya kila kundi kwenye kijiko, na sarafu kando yake. Ubishi ukitokea, picha itaamua.

## Hatua ya 6: Piga hesabu

Kila kundi huhesabiwa mara moja tu, uwe umepata mdudu mmoja au mia. Jumlisha alama, gawanya kwa idadi ya makundi.

Tuseme kituo cha juu kina mikia mitatu bapa (11), wajenga vibanda (9), kaa (6), kereng'ende mnene (6), kisamaki (5), mbawakawa (5) na mabuu wa nzi (2). Jumla 44, makundi 7: alama ni 6.3. Kituo cha chini ya soko kina kisamaki (5), mbawakawa (5), konokono (4), minyoo (2), ruba (2) na mabuu wa nzi (2). Jumla 20, makundi 6: alama ni 3.3.

Tahadhari na wastani wa makundi machache. Ukipata kaa peke yake, hesabu itakupa 6 na kijito kitaonekana kizuri kuliko kilivyo, wakati ukweli ni kwamba kila kitu kingine kimekufa. Chini ya makundi manne, usitangaze alama. Rudi majini dakika tano nyingine, kisha uandike idadi ya makundi kando ya wastani daima.

Rudisha wadudu majini palepale walipotoka.

## Hatua ya 7: Pima mkondo

Hufanywa mwisho kwa sababu unapita mtoni mara nyingi. Bila mkondo hutajua kama EC imepanda kwa uchafu au kwa sababu maji yamepungua tu.

Chagua mita 10 zilizonyooka. Pima upana. Pima kina kwenye robo, nusu na robo tatu ya upana, jumlisha, gawanya kwa 4, si 3. Kingo mbili zina kina cha sifuri, na ukigawanya kwa 3 unazisahau, unaongeza maji yasiyokuwepo.

Kisha chungwa. Linazama karibu lote, basi upepo haulisukumi kama chupa tupu. Liachie mita mbili juu ya mstari wa kuanzia, saa ianze likivuka mstari. Rudia mara tatu, chukua wastani, na uzidishe kasi kwa 0.85 kwa sababu maji ya juu hukimbia kuliko ya chini.

Mfano: upana mita 2.4, vina 0.20, 0.30 na 0.22, jumla 0.72, kugawanya kwa 4 ni 0.18. Eneo ni 0.432. Chungwa limetumia sekunde 25, kasi ni 0.4, ukizidisha kwa 0.85 unapata 0.34. Mkondo ni 0.147, yaani lita 147 kwa sekunde.

## Hatua ya 8: Tembea kingoni

Mita 100 kila upande. Andika unachokiona, si unachokidhani: mikaratusi imeanza mita ngapi kutoka majini, mahindi yamelimwa hadi wapi, ng'ombe na punda wanashukia wapi, mchanga unachimbwa wapi, nani anafua, nani anaosha bodaboda. Kanuni za Kenya za ubora wa maji za 2006 zilikataza kulima na kujenga ndani ya angalau mita 6, hadi 30, kutoka alama ya juu ya mafuriko. Pima kwa kamba yako. Neno "karibu" halimsaidii afisa yeyote.

## Hatua ya 9: Soma matokeo

Weka vituo vitatu kwenye ukurasa mmoja: alama, idadi ya makundi, joto, EC, mkondo.

Alama ikishuka na EC ikiruka, tafuta maji taka. Alama ikishuka na EC ikibaki ile ile, angalia udongo: mchanga na tope huziba mapango ya mawe bila kubadilisha chumvi, na hiyo ndiyo hali ya kawaida chini ya mashamba ya miteremko na machimbo ya mchanga. Alama ikianguka sana ghafla, na siku chache kabla mashamba yalipuliziwa, shuku dawa. Dawa hupita kwa saa chache. Maji yatakuwa safi utakapofika, wadudu hawatakuwepo. Wa kwanza kupotea ni wale wa 11 na 9, na konokono na minyoo wanaweza kubaki kana kwamba hakuna kilichotokea.

Vituo vyote vitatu vikiwa vibovu sawasawa, kituo chako cha juu hakiko juu vya kutosha. Panda zaidi.

Matokeo ya siku moja yasipelekwe kwa Mamlaka ya Rasilimali za Maji wala kwa NEMA (mamlaka ya taifa ya mazingira) kama ushahidi wa mwisho. Rudia baada ya mwezi, vituo vile vile, dakika zile zile, na mshika chujio yule yule ikiwezekana. Ila ukikuta samaki na kaa waliokufa kwa wingi, usisubiri mwezi: chota maji kwenye chupa safi ya kioo uijaze hadi mdomoni, ifunge, iweke kwenye barafu na giza, andika saa na mahali, na upige simu siku hiyo hiyo.